Mbenga

Mbenga (Hydrocynus goliath) ni samaki mkubwa mla nyama wa maji baridi, anayeishi katika bonde la mto Kongo, ukiwemo mto Lualaba na maziwa ya Upemba, na pia katika Ziwa Tanganyika. Mtaalamu wa samaki Boulenger alimweleza kisayansi mwaka 1898.

Mwili wake ni mrefu, wenye magamba makubwa ya rangi ya fedha. Lakini kinachomtambulisha ni kinywa. Meno yake ni machache, makali kama ncha za visu, na hata akifumba kinywa huonekana kwa nje, ya juu yakipishana na ya chini. Jino likitoka, jingine huota. Samaki huyu hupita urefu wa mita moja. Aliyevuliwa kwa ndoana karibu na Kinshasa mwaka 1988 alikuwa na kilo 44, rekodi ya dunia.

Huwinda kwa macho na kwa kasi, akipenda maji yaendayo mbio, na mara nyingi humkata samaki mwenzake vipande. Uzi wa kawaida haumwezi, ndiyo maana wavuvi hufunga waya wa chuma juu ya ndoana.

Lakini mkazi wa mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, hatampata mjini kwake. Mto wa mji huu huingia mto Kafubu, kisha mto Luapula, na huko hadi Ziwa Mweru anapatikana ndugu yake mdogo, Hydrocynus vittatus, mwenye mistari myeusi ubavuni. Anayemtaka mbenga mwenyewe aelekee Lualaba.