Betri ya gari: kutoka risasi hadi lithiamu, na sisi wa Iftin

Ukitaja gari la umeme wengi hudhani ni mambo ya juzi. La hasha! Gaston Planté wa Ufaransa aliunda betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy akapita kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, na petroli ilikuwa haijafika hapo.

Kilicholiangusha ni uzito. Kubeba yuniti 24 za stima kwa betri ya risasi kunahitaji kilo 600 au zaidi. Kwa hiyo petroli ikashinda, na betri ikabaki ya kuwasha injini. Hapa Kenya ilipata kazi ya pili: nyumba nyingi zisizo na stima zilitazama televisheni kwa betri ya gari, na ikiisha hupelekwa mjini kuchajiwa.

Mambo yaligeuka mwaka 1991, Sony walipoanza kuuza betri za lithiamu. Nissan Leaf ya 2010 ilibeba yuniti zile zile 24 kwa kilo 300 hivi. Bei nayo imeporomoka: kwa hesabu za BloombergNEF, betri ya yuniti moja ilizidi dola 1,000 mwaka 2010, na mwaka 2024 ilikuwa dola 115.

Sasa tupige hesabu ya Iftin. Soketi ya nyumbani, volti 240 kwa ampea 10, hutoa kilowati 2.4, kwa hiyo yuniti 24 ni saa 10 na ushee. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Chaji usiku basi. Ajabu ni kwamba mtambo wetu wa sola wa megawati 50, uliofunguliwa Garissa mwaka 2019, huzalisha mchana tu!

Lakini mtihani wetu mkubwa ni joto. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba betri zinachoka mapema. Hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji. Garissa nyuzi 35 ni kawaida. Leaf hiyo ikiwa mpya ilikwenda kilomita 117 kwa kipimo cha Marekani. Haikufikishi hata Mwingi.

Ndiyo maana mimi naiamini zaidi betri ya chuma na fosfeti, iliyotoka katika maabara ya John Goodenough, Texas, miaka ya 1990. Ni nzito kidogo, lakini haishiki moto upesi, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Ukiletewa Leaf kuukuu, kabla hujatoa pesa hesabu vile vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Rangi ya gari utaiangalia baadaye.