Njia ya Baiskeli Isiyo na Magari, na Watu Wake Wasio na Majina

Siku hizi ukiingia mtandaoni ukatafuta video za baiskeli za changarawe, zinakujia kibao. Mtu yuko peke yake, njia nyeupe inakata mashamba, vilima vinapanda na kushuka, hakuna bodaboda, hakuna daladala inayokupigia honi mgongoni. Raha tupu. Wengi tunagonga like tunapita. Leo nataka tusimame kwenye njia moja tu tuulize: ilitoka wapi, na ni nani waliitengeneza?

Njia yenyewe iko jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Inaanzia mji mdogo wa Elroy, inaishia Sparta, na katikati inapita Kendall, Wilton na Norwalk. Urefu wake ni maili 32, yaani kama kilomita 51. Chini ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Gari hairuhusiwi. Pikipiki hairuhusiwi. Wakati wa theluji hupita zile mashine za theluji, lakini kiangazi ni ya baiskeli na watembea kwa miguu tu. Wamarekani wengi huitaja kuwa ndiyo mama wa njia zote za reli zilizogeuzwa kuwa za baiskeli nchini kwao.

Ndiyo, umesoma vizuri. Hii njia ilikuwa reli.

Treni haipendi mlima

Sehemu ile ya Wisconsin ina jambo lake. Zamani sana, barafu nene zilifunika eneo kubwa la kaskazini mwa Marekani na kusawazisha ardhi kama mtu anavyopiga pasi. Hapa barafu hazikufika. Ndiyo maana vilima vimebaki, na mabonde yake yamebanana.

Sasa shida ni kwamba treni ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma. Mlima ukizidi kidogo tu, inateleza. Kwa hiyo wahandisi wa kampuni ya reli ya Chicago and North Western walikuwa na kazi ya kukata kilima hapa, kujaza bonde pale, na pale ambapo kilima kiligoma kabisa, kukitoboa. Walitoboa mahandaki matatu. Mawili ya kwanza kila moja lina kama robo maili, yaani zaidi ya mita 400. La tatu, lililo kati ya Norwalk na Sparta, lina futi 3,810. Hiyo ni karibu mita 1,160. Chukua viwanja 11 vya mpira, vipange kwa urefu, halafu vizike chini ya mlima.

Ndiyo siri ya kwa nini leo mtu asiye na mazoezi anaweza kuimaliza njia hii ndani ya nchi ya vilima na asizimie. Miteremko ilipunguzwa kwa ajili ya treni ya mvuke miaka 150 iliyopita. Wewe unapiga pedali, lakini jasho lilishamwagika.

Miaka mitatu ndani ya mwamba

Jasho la nani? Hapo ndipo stori inaponikaa moyoni.

Handaki la tatu pekee lilichukua miaka mitatu kuchimbwa, na reli ikakamilika mwaka 1873. Ukisoma simulizi za njia hii utakuta jina la kampuni, utakuta urefu wa handaki, utakuta mwaka. Wachimbaji wanaitwa "vibarua". Basi. Miaka mitatu ya kuingia gizani asubuhi na kutoka gizani jioni, halafu unaingia kwenye historia kwa neno moja.

Na kuna ambao hata hilo neno moja hawakupata. Ardhi ile ilikuwa ya Wahochunk. Serikali ya Marekani ilikuwa imewahamisha kwa nguvu zaidi ya mara moja, na kila mara wengine walirudi kwao. Mwaka huohuo wa 1873, baridi ilipoingia, wanajeshi walianza tena kuwakusanya mamia ya watu wa kabila hilo na kuwapeleka Nebraska, mbali na makaburi ya wazee wao. Wengi hawakukubali. Ndani ya muda mfupi walianza kurudi, na wapo Wisconsin mpaka leo. Makao makuu ya taifa lao yako Black River Falls, si mbali na Sparta.

Kwa hiyo mwaka uleule ambao reli inafungua njia kwa wengine, wenyeji wanafungiwa njia. Hili huwezi kuliona kwenye video ya baiskeli.

Mlinzi wa milango

Mtu ninayempenda zaidi kwenye historia hii ni mlinzi wa handaki.

Wisconsin wakati wa baridi si mchezo, kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani ya mahandaki maji yanadondoka muda wote kutoka kwenye mwamba. Maji yakiingia kwenye nyufa yakaganda, yanatanuka. Unakumbuka ile chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza ikapasuka? Sasa fikiria chupa hiyo ni mlima, na chini yake inapita treni yenye abiria.

Suluhisho lao lilikuwa la kawaida kabisa: milango. Waliweka milango mikubwa ya mbao kwenye midomo ya mahandaki, na wakati wa baridi ikawa inafungwa ili hewa ya barafu isiingie. Lakini treni inatakiwa ipite, si ndiyo? Basi akawekwa mlinzi. Treni ikikaribia anafungua. Ikipita anafunga. Halafu anasubiri nyingine. Usiku, theluji, upepo, kazi ni ileile.

Hebu ifikirie hiyo kazi. Ukiifanya vizuri, hakuna anayekujua. Abiria amelala ndani ya behewa lenye joto, hajui hata kama kulikuwa na mlango. Ukiikosea mara moja tu, gazeti zima litakuwa juu yako. Mtaani kwetu tunao watu wa aina hii: anayefungua geti saa tisa usiku, anayezibua mtaro kabla mvua haijanyesha. Tunawakumbuka siku wasipokuwepo.

Milango ile bado ipo, na mpaka leo mahandaki hufungwa msimu wa baridi.

Treni ya mwisho, na baiskeli ya kwanza

Magari na malori yalipoanza kushika soko, reli za vijijini zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Treni za abiria zilikoma kwenye kipande hiki mwaka 1953. Treni ya mwisho kabisa ilipita 1964. Kwa vijiji vilivyozaliwa kwa sababu ya stesheni, huo ulikuwa msiba.

Mwaka 1965 jimbo likainunua ile njia. Reli na mataruma yalishatoka, kukabaki tuta refu linalokatiza mashamba. Wakalisawazisha, wakamwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa, madaraja wakayatandika mbao. Mwaka 1967 tayari watu walikuwa wanapita na baiskeli. Stesheni ya zamani ya Kendall ikawa ofisi ya njia. Vijiji vilivyokuwa vinamsubiri abiria wa treni vikaanza kumsubiri mwendesha baiskeli, ambaye naye ana njaa, ana kiu na anatafuta pa kulala. Leo Marekani ina zaidi ya kilomita 40,000 za njia za namna hii.

Ila si kila mtu alifurahi

Hapa tusidanganyane. Sehemu nyingi za Marekani, kampuni ya reli haikununua ardhi moja kwa moja, ilipewa tu haki ya kupita kwenye shamba la mtu. Reli ikiondoka, mkulima anategemea kipande kirudi kwake. Halafu anaona watu wamevaa nguo za kubana wanapita nyuma ya zizi lake.

Mwaka 1983 bunge lao lilipitisha sheria kwamba reli inayoachwa inaweza kutunzwa kama njia ya watu, kwa sharti kwamba treni ikihitajika siku moja inaweza kurudi. Kisheria, reli imelala tu, haijafa. Wenye mashamba walikwenda mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema sheria ni halali, ila mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Mwaka 2014 familia moja ya Wyoming ilishinda kesi yake kuhusu reli nyingine kwa majaji 8 dhidi ya 1.

Mimi napenda njia hizi, lakini mkulima simlaumu. Njia ya wote ni kitu kizuri, mradi isijengwe kwa kumnyang'anya mmoja bila kumlipa. Na pale Wisconsin deni la zamani zaidi, la Wahochunk, halifutwi na handaki zuri la kupigia picha.

Ukibahatika kufika, beba tochi na koti hata kama ni kiangazi, maana ndani ya handaki la tatu ni giza totoro na maji yanakudondokea shingoni. Kila mtu anashauriwa ashuke asukume baiskeli. Si vibaya, unapata muda wa kuwafikiria waliolichimba.

Sasa nyie: nani kwenye mtaa wako anafanya kazi kama ya yule mlinzi wa milango, hakuna anayemjua lakini asipokuwepo mambo yanaharibika? Mtaje hapo chini kwa kazi yake, tumpe heshima yake leo.