Wingu Katika Fedha: Sanaa ya Masonara wa Kihopi

Katika nchi ya ukame, tufani si jambo la kuogopwa peke yake. Ni jambo la kuombwa. Wahopi wa kaskazini ya Arizona, katika Marekani, wamelima mahindi kwa karne nyingi katika ardhi isiyo na mto wa kudumu. Vijiji vyao vimekaa kwenye vilima vitatu vyenye vilele bapa, viitwavyo mesa, na mazao yao hutegemea theluji ya majira ya baridi na ngurumo za kiangazi. Katika imani yao, waliokufa huweza kurejea wakiwa mawingu, wakawaletea mvua jamaa zao walio hai. Kwa hiyo mtu aonapo wingu limechorwa juu ya kikuku cha Kihopi, asidhani kwamba sonara alitaka kupendeza macho tu. Wingu lile lina ujamaa na mwenye kulichora.

Walakini ufundi wa fedha wenyewe haukuzaliwa kwa Wahopi. Jirani zao Wanavajo waliushika hasa baada ya mwaka 1868, waliporudi kwao kutoka kifungo cha Bosque Redondo, wakawa wanayeyusha sarafu za Marekani na Mexico kufanyia vikuku na vifungo. Yapata mwaka 1872 fundi wa Kinavajo aliyeitwa Atsidi Chon alimfundisha Mzuni mmoja, Lanyade; na Lanyade naye, yapata mwaka 1898, alimfundisha Mhopi aliyeitwa Sikyatala. Basi ujuzi ulipita mkono kwa mkono, na kwa muda wa miaka arobaini hivi ilikuwa taabu kupambanua kazi ya Mhopi na kazi ya mwalimu wake.

Wakati huohuo reli ilikuwa imekwisha kuleta wageni. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na hoteli na maduka katika njia ya reli ya Santa Fe, ilianza kuagiza mapambo mepesi ya fedha na feruzi ya kuwauzia abiria. Katika biashara hiyo zilienea alama za mishale, radi, na ndege wa ngurumo aliyekunjua mbawa. Ndege huyo ana heshima kubwa katika masimulizi ya mataifa ya kaskazini, lakini mafundi wengi wa kusini-magharibi walimpiga chapa kwa kuwa mnunuzi alimtaka. Wachuuzi walichapa hata vijikaratasi vya kueleza maana ya kila alama, na aghalabu maana hizo zilikuwa zimetungwa dukani. Hapo tufani ilikuwapo juu ya fedha, lakini haikuwa tufani ya mtu yeyote.

Mwaka 1938 Mary-Russell Ferrell Colton, wa Makumbusho ya Arizona ya Kaskazini katika mji wa Flagstaff, aliwaandikia masonara wa Kihopi akiwahimiza waache kuiga, watumie michoro ya vyungu, vikapu na nguo zao wenyewe. Vita vya Pili vya Dunia viliizuia kazi hiyo. Ilipofika mwaka 1947, Fred Kabotie na Paul Saufkie walifungua darasa kwa askari wa Kihopi waliorudi vitani, Kabotie akifundisha michoro na Saufkie ufundi. Mwaka 1949 chama cha ushirika cha masonara kilianzishwa.

Mtindo uliokomazwa huko ni wa mabamba mawili ya fedha. La juu huchorwa, likakatwa kwa msumeno mwembamba mno, kisha likalehemiwa juu ya la chini. Mahali palipokatwa hutiwa dawa yenye salfa hata pakawa peusi, na uso wa juu ukasuguliwa. Wingu la ngazi, mistari ya mvua inayoshuka chini yake, na radi ya kupinda-pinda, vyote huonekana kwa kile kilichoondolewa katika fedha.

Msomaji aweza kuuliza: je, mtindo ulioanza kwa barua ya mgeni waweza kuitwa wa asili? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba msukumo ulitoka nje, kama ulivyotoka nje ufundi wenyewe. Lakini mawingu yale yalikuwa juu ya vyungu vya Wahopi kabla ya makumbusho kujengwa, na waliochagua yapi yafae kuwekwa katika fedha walikuwa Wahopi, watu waliojua ni kitu gani huombwa kwa alama ile. Tofauti ya duka na darasa haikuwa katika umri wa mchoro. Ilikuwa katika nani mwenye neno juu ya maana yake.

Ushahidi wa jambo hili ni Charles Loloma wa kijiji cha Hotevilla, aliyeishi tangu 1921 hata 1991. Yeye hakufuata mabamba mawili. Alisimamisha vipande vya feruzi, marijani na pembe za ndovu katika vikuku virefu kwa vifupi, kama magenge ya mesa, na mara nyingine alificha vito upande wa ndani, unaogusa ngozi, asivione mtu ila mvaaji. Maonyesho ya Gallup, New Mexico, yalizikataa kazi zake za awali, kwamba hazikufanana na kazi za wenyeji. Waliokataa walikuwa wamezoea kumwambia fundi alivyo. Loloma hakuwajibu kwa kurudia ndege wa ngurumo. Alirudi Hotevilla, akalima mahindi yake, akangoja mvua pamoja na jirani zake.