Raia, Mwananchi na Mgeni: Somo la Uraia katika Milima ya Buha

Neno "raia" limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni uchungaji. Maana yake ya awali ni kundi linalochungwa. Kisha likawa jina la watu walio chini ya mtawala, ambao yeye huwalinda nao humtii. Kwa maana hiyo watu wa Unguja na Pemba walikuwa raia wa Sultani. Baada ya uhuru Kiswahili kikalitwika neno lile lile mzigo mwingine: raia sasa ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake, ambaye mtawala ni mtumishi wake. Lakini neno haliachi asili yake kwa amri ya kamusi. Kila mwalimu wa shule ya msingi anapoandika "Uraia" ubaoni, huandika maana mbili kwa pamoja, ya mchungwaji na ya mwenye nchi, na watoto huondoka na ile ambayo maisha ya nje ya darasa yataithibitisha.

Pahala pa kulipima jambo hili ni Buha, ile milima ya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, penye kata kama Titye, Makere na Rusesa, mbali sana na bahari. Huko somo la uraia halikufundishwa juu ya karatasi tupu.

Kabla ya shule, Buha ilikuwa nchi ya falme kadhaa: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, na chini yake watwale waliosimamia maeneo. Ng'ombe ndiye aliyewafunga watu pamoja. Aliyepewa ng'ombe alikuwa mtu wa aliyempa. Alimtumikia, naye akapata hifadhi. Basi ile asili ya neno raia, mchungaji na mchungwaji, huko ilikuwa mkataba unaoonekana kwa macho, wenye kwato na maziwa. Mfumo huo haukuwa wa usawa. Hata hivyo ulikuwa na adabu zake: salamu ndefu inayosindikizwa na makofi ya polepole, mkubwa kusikilizwa, mgeni kutopitishwa mlangoni bila kuulizwa hali. Wala haukumzuia mwanamke kutawala. Mwami Theresa Ntare wa Heru alikalia kiti cha ufalme katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na akaingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wakati wanawake humo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Ama mipaka, hiyo ni michanga kuliko watu. Wakati wa Wajerumani, Buha na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaziteka zote mbili. Mwaka 1921 wakawaachia Waingereza Kigoma na Buha, wao wakabaki na Urundi. Mstari ukachorwa baina ya watu ambao lugha zao, Kiha na Kirundi, husikilizana bila mkalimani. Ramani inayotundikwa darasani huuonyesha mstari huo kana kwamba uliumbwa pamoja na milima. Nyanya wengi wa Buha, kama wangeulizwa, wangeweza kutaja shangazi aliyeolewa ng'ambo yake.

Serikali ya Kiingereza nayo ikawafundisha Waha uraia kwa namna yake. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, watu wengi walihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja, na maeneo mapana yakaachiwa pori. Vijana wakaandikishwa kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko walijulikana kwa jina la manamba, kwani kila mmoja alipewa namba. Kodi, namba na kuhamishwa: hayo ndiyo yaliyokuwa masomo matatu ya dola kwa raia wa Buha kabla ya mwaka 1961.

Uhuru ukaja, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Mwami hakuwa mwami tena mbele ya serikali, na watwale wakatoweka. Pengo hilo likajazwa na mjumbe wa nyumba kumi, katibu wa TANU na, taratibu, mwalimu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa mwezi Machi na Elimu ya Kujitegemea, ambamo Mwalimu Nyerere alitaka shule ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, si ngazi ya kupandia wachache. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Somo la Siasa likaingia katika ratiba, na nje ya ratiba likawapo somo kubwa zaidi: mchakamchaka wa alfajiri, gwaride, bendera, shamba la shule, na viranja waliotakiwa wachaguliwe na wenzao.

Watoto walizikariri ahadi za mwanachama wa TANU. Ya kwanza ilitamka kwamba binadamu wote ni ndugu na kwamba Afrika ni moja. Nyingine zilikataza rushwa, na zikataka kweli isemwe na fitina iepukwe. Usidharau kukariri. Mtoto wa mkulima wa maharage na mihogo, ambaye babu yake alikuwa namba katika shamba la mkonge, alisimama mstarini na kutamka kwa sauti kwamba yeye ni sawa na mtu yeyote duniani. Hakuna dola iliyowahi kumwambia hivyo kabla.

Lakini ahadi zilipita juu ya ardhi iliyokuwa ikitikisika. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini kwa wingi. Familia zilizoishi kila moja juu ya kilima chake, katikati ya migomba yake, zikatakiwa zijipange kando ya barabara. Shule, zahanati na maji viliahidiwa, na shule nyingi kweli zilijengwa. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ilifutwa; mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamuru kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafundwa kazini na kukabidhiwa madarasa. Watoto walioingia humo ndio waliokuwa wa kwanza katika koo zao kujua kusoma.

Majina ya mahali yamehifadhi yote mawili, shukrani na msukosuko. Wilayani Kasulu ipo kata inayoitwa Rungwe Mpya, na ipo nyingine inayoitwa Asante Nyerere. Penye "mpya" palikuwapo pa zamani. Na asante hiyo, msomaji anaweza kuisikia kwa sauti zaidi ya moja.

Hapa ndipo somo la Siasa lilipokutana na kikwazo chake. Darasani mwanafunzi alifunzwa kwamba ujamaa ni hiari na kwamba kijiji hujiamulia mambo yake. Nyumbani alimsikia baba akihesabu migomba aliyoiacha. Shamba la shule, lililokusudiwa kufunza heshima ya kazi, katika shule nyingi liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Kiswahili, kilichomwezesha Mha kuzungumza na Mzaramo na Mpemba bila kudharauliwa, kilisimamiwa mara nyingi kwa kumwadhibu mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Maadili yalikuwa mema, bali yalifundishwa kana kwamba milima hiyo haikuwa na maadili kabla. Zile salamu za makofi hazikuwamo kitabuni.

Mtihani mkubwa wa ahadi ya kwanza haukutoka Wizara ya Elimu. Ulivuka mpaka kwa miguu. Mwaka 1972, mwaka ule ule wa operesheni, Warundi waliokimbia mauaji waliingia Kigoma kwa maelfu. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, ambako watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, wakaimba wimbo wa taifa la Tanzania. Wengine walibaki vijijini Kigoma, wakalima pamoja na wenyeji na kuoana nao. Kufikia mwaka 2010 takriban watu 162,000 wa makazi yale matatu walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Ni vigumu kupata katika bara hili mfano mwingine mkubwa hivyo wa dola kutimiza neno ililowafunza watoto.

Wimbi la pili lilipokelewa kwa mkono mwingine. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, Warundi walikuja tena, na mwaka 1996 Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka kambini, wakiwamo waliokuwa wamekaa miaka mingi, na kuna familia zilizotenganishwa. Katika kambi, shule zilifuata mitaala ya nchi za asili, ili watoto wawe tayari kurejea. Basi wilaya moja ikawa na watoto wa rika moja, chini ya mvua moja, wanaofunzwa uraia wa nchi mbalimbali. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012; mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na Nyarugusu ikafurika.

Aliyeumia kwa shaka hii si mkimbizi peke yake. Mha mwenyewe, katika safari na katika ofisi, ameulizwa mara nyingi kama kweli ni Mtanzania, kwa kuwa lafudhi yake ni jirani ya Kirundi. Wabunge wa Kigoma wamelilalamikia jambo hilo hadharani. Msomaji wa Visiwani, aliyezoea kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi tangu sheria ya mwaka 2005, analijua swali la aina hii: mtu anajijua ni nani, na bado anatakiwa alete karatasi. Mtoto aliyefaulu vizuri somo la Uraia huko Titye anaweza kutoka nje ya wilaya yake na kukuta cheti chake hakijibu swali aliloulizwa.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, somo limebadili majina. Siasa iliondoka, Uraia ukaja. Kisha Uraia na Maadili. Na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Mabadiliko haya ya mwisho yana fursa ndani yake, kwa sababu yameweka historia na maadili katika kitabu kimoja. Wema usio na historia ni nasaha tu, na watoto wamechoka na nasaha.

Fursa hiyo itapotea kama historia itaanza na kuishia kwenye bendera. Mwalimu wa Buha anazo hazina ambazo hazihitaji fedha za wizara. Awatume wanafunzi wakawaulize wazee: mlihamishwa kutoka wapi, nani alikuja kuwaambia, mliacha nini, mlipata nini? Nani alivuka mpaka akalala kwenu? Mlipomkaribisha, mlifuata ahadi ya chama, au mlifuata desturi ya mama zenu? Majibu hayatafanana, na baadhi yatauma. Lakini mtoto aliyeyasikia atajua kwamba haki na wajibu vilikuwa na majina ya watu wa kijijini kwake kabla havijawa vichwa vya sura kitabuni. Raia wa namna hiyo hachungwi kwa urahisi.