Story ya Staa Mdogo Kuliko Wote: Alivyotupwa Kwenye Baridi Kali na Akakwapua Elektroni ya Jirani

Wadau, leo tuwape mapumziko mastaa wa Bongo. Kuna staa mmoja huwezi hata kumwona vizuri, ila story yake imekula zaidi ya miaka 50.

Twende Bonn, Ujerumani, miaka ya 1950. Profesa mmoja anabuni mtego usio na kamba wala ukuta. Ni umeme tu unaogeuka-geuka mamilioni ya mara kwa sekunde, na ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, inabaki inaelea katikati. Mwaka 1989 mzee akabeba Nobel.

Kunasa ni kitu kimoja, kutuliza ni kingine. Joto ni mwendo tu, na ioni ilikuwa inahangaika mtegoni. Mwaka 1978 vikundi viwili, kimoja Marekani na kingine Ujerumani, vikaipoza kwa leza: ioni ikikimbilia mwanga, mwanga unaisukuma hadi inapunguza mwendo. Jamaa mwingine aliyegawana Nobel ile ile ya 1989 akanogewa mpaka akaipa ioni yake ya bari jina la Astrid. Si mchezo!

Mwaka 1995, Boulder, Marekani, gesi ya rubidi ikapozwa hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya nyuzi juu ya sifuri halisi, ile -273. Baridi kuliko anga za mbali!

Basi watu wakajiuliza: tukiitumbukiza ioni humo, si itapoa kama soda kwenye ndoo ya barafu? Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge wakatumbukiza ioni moja tu ya iterbi. Kweli ikapoa, lakini balaa likawa mawili.

La kwanza, mtego wenyewe. Kila ioni ikigongwa na kusogea kutoka katikati, ule umeme unaitikisa na kuipa joto upya. La pili, ioni ina njaa ya elektroni. Mara nyingine inamkwapua jirani yake wa rubidi, inakuwa atomu ya kawaida, na mtego hauishiki tena. Imesepa!

Ila hasara hiyo ikageuka somo. Mwaka 2012 kikundi kile kile kikaonyesha kuwa ukibadilisha hali ya ndani ya ioni au ya atomu, kasi ya wizi huo inabadilika. Kemia inaongozwa, chembe moja moja! Na mwaka 2020, Amsterdam, wakachagua majirani wepesi wa lithi, ioni ikiwa nzito kuwazidi zaidi ya mara 28. Mtikisiko ukapungua, baridi ikashuka hadi sheria za kwanta zikaanza kuonekana kwenye migongano.

Faida yake? Kwenye mawingu baridi kati ya nyota, ioni na atomu hukutana hivyo hivyo, na molekuli nyingi huanzia hapo. Kumwelewa huyu mwizi mdogo ni kuelewa vitu vinavyoanza kujengeka huko juu.

Wewe unaonaje, mdau: ioni ina kosa, au ni njaa tu?