Ringi ya pistoni

Ringi ya pistoni ni duara jembamba la chuma cha kusubu, au la chuma cha pua katika injini nyingi za siku hizi, lililokatwa mahali pamoja na kukaa ndani ya mfuo uliochongwa kuzunguka ubavu wa pistoni. Pistoni yenyewe haiwezi kuijaza silinda, kwa sababu ikitengenezwa ya kubana, aluminiamu yake huvimba kwa joto na kukwama. Huachiwa nafasi, na nafasi hiyo huzibwa na ringi. Ringi huzuia gesi ya mlipuko isishuke kwenye krankshafti, na hukwangua oili iliyorukia ukutani isipande kuungua. Pia hulitoa joto kwenye pistoni na kulipeleka kwenye silinda, ambayo katika injini ya kupozwa na hewa hulimwaga hewani kwa mapezi yake. Kazi hii ya mwisho husahaulika sana, ingawa ringi zinapochoka pistoni hufa kwa kukosa hiyo.

Hadi katikati ya karne ya 19 pistoni nyingi za injini za mvuke zilizibwa kwa katani iliyoloweshwa mafuta, nayo iliungua na kulika upesi. Mwaka 1852 John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, alipata hataza ya ringi ya chuma iliyokatwa. Duara likitengenezwa kubwa kidogo kuliko silinda, likakatwa na kubanwa ili liingie, hutaka kurudi katika upana wake na hivyo husukuma ukuta wakati wote. Gesi nayo hupenya nyuma ya ringi na kuongeza msukumo huo, kwa hiyo ringi hubana zaidi pale hasa inapohitajika kubana.

Kiswahili kilikuwa na neno pete tangu zamani, na wako watunzi wa istilahi ambao wangelipendelea. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo lenye kazi ya kusanifu maneno ya namna hii Tanzania, lakini gereji hazikusubiri. Fundi husema ringi. Mashariki mwa Kongo, ambako ufundi ulikuja na Kifaransa, msingi wa neno ni segment. Ringi ina kasoro moja ya wazi: ni jina la duara la gurudumu pia. Mteja akiingia duka la vipuri Buseresere, Tanzania, au Katoro iliyoungana nayo kando ya barabara ya Geita kwenda Bwanga, akaomba ringi za pikipiki bila kuongeza neno, anaweza kuletewa kitu cha kuvalishwa tairi. Ndiyo maana istilahi kamili ni ringi ya pistoni, nayo huingia ngeli ya ringi hii, ringi hizi.

Hata hivyo pete isingefaa zaidi. Pete ni duara zima, na ikikatika imeharibika. Ringi isiyokatwa haifai kitu, kwa kuwa mkato wake ndio unaoipa unyumbufu na ndio unaoiwezesha kutanuka bila kuvunjika. Neno linalostahili kutafutwa kwa makini, basi, ni jina la uwazi ulio kwenye mkato huo ringi ikiwa ndani ya silinda. Wengi husema pengo. Lakini kinywani Kiswahili hutofautisha mwanya, uwazi mwembamba wa kuzaliwa kati ya meno, na pengo, mahali palipong'oka jino, na tofauti hiyo inafaa kuletwa kwenye injini kama ilivyo. Uwazi uliopimwa na kukusudiwa uitwe mwanya wa ringi, na neno pengo liachiwe uwazi uliopanuka kwa ulaji.

Mfano mzuri wa kuyaona haya ni Honda CG 125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Ilibuniwa kwa nchi ambako barabara ni mbovu na matunzo ni ya shida, na ndiyo sababu valvu zake husukumwa kwa fimbo badala ya mnyororo wa juu. Silinda yake moja ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5, jambo linaloipa ujazo wa sentimita za ujazo 124. Viwanda vya China viliinakili injini hii kwa wingi, na nakala hizo ziko chini ya bodaboda nyingi za ukanda wa dhahabu wa Geita. Kwa bahati hiyo Honda kongwe hufufuliwa kwa vipuri vinavyouzwa kando ya stendi, mradi vipimo vihakikiwe. Nakala mojawapo ya ukoo huohuo, iliyo kubwa kuliko hiyo, ina kipenyo cha milimita 62, na seti yake haiingiliani na ya kwanza.

Ulaji wa ringi katika eneo hili una chanzo kinachojulikana. Dhahabu ya Geita hupatikana sana kwenye mishipa ya mawe ya kwatzi, na mawe hayo husagwa kwenye makarasha. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kusubu. Vumbi lake, pamoja na lile la barabara za changarawe ziendazo machimboni, likipita kwenye chujio la hewa lililochanika huingia kati ya ringi na ukuta na kusaga vyote viwili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ringi huburuzwa karibu mita 600 katika dakika hiyo. Chujio la sponji ni kitu cha bei ndogo, na ni ajabu jinsi linavyodharauliwa.

Dalili hazipaswi kuchanganywa. Moshi wa samawati unaotoka wakati wa kuvuta mafuta huelekeza kwenye ringi. Ule unaotoka baada ya kushuka mlima huku mafuta yamefungwa huelekeza zaidi kwenye valvu. Kipimo cha haraka ni kumimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupiga kiki. Mgandamizo ukipanda, oili imeziba palipokuwa panavuja, na kosa ni la ringi au silinda. Usipobadilika, valvu zichunguzwe kwanza.

Hedi na silinda vikishafunguliwa, kazi huanza na silinda, si ringi. Hapa mwanya unageuka kuwa kipimo. Ringi mpya huingizwa peke yake ndani ya silinda na kusukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha mwanya hupimwa kwa fila geji, kwanza karibu na mdomo wa chini ambako ringi hazifiki, halafu juu ambako ulaji ni mkubwa. Mzingo ni kipenyo mara 3.14, hivyo kila sehemu ya kumi ya milimita iliyolika kwenye kipenyo hupanua mwanya kwa milimita 0.31. Tuseme chini umepatikana 0.25 na juu 0.65. Tofauti ya 0.40 ikigawanywa kwa 3.14 hutoa takriban 0.13, na silinda iliyolika kiasi hicho haiponywi kwa ringi mpya. Hupelekwa kwenye mashine ipanuliwe na kuwekewa pistoni na ringi za saizi ya juu, ambazo hupanda kwa hatua za milimita 0.25. Silinda ya 56.5 huwa 56.75, kisha 57.00, na kuendelea hadi ongezeko la milimita 1.

Kanuni ya kawaida kwa injini ya kupozwa na hewa ni mwanya wa milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani zaidi kidogo ya 0.2 kwa injini hii. Hesabu yake si ya kubahatisha. Mzingo wa ringi ni kama milimita 177.5, na ringi ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya silinda, chuma chake hurefuka kiasi cha milimita 0.2. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha mbili hugongana, ringi hukosa pa kwenda, huvunjika na kuchana ukuta. Mwanya mkubwa kidogo hupunguza nguvu tu. Kwa hiyo ni afadhali kosa la upande huo, na ncha zilizobana husuguliwa kwa tupa laini, kutoka uso wa nje kuelekea ndani, ili mipako ya kromu isibanduke.

Ukuta uliong'aa kama kioo hukwaruzwa kwa mistari inayopishana, ishikilie oili na kuisaidia ringi kukaa. Baada ya hapo silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni. Petroli peke yake huacha unga wa msasa ndani ya mikwaruzo, na unga huo huzila ringi mpya kabla hazijaanza kazi. Masizi kwenye mifuo ya pistoni hukwanguliwa kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa.

Ringi ya oili hutangulia: kwanza springi yake, ambayo ncha zake hukutana bila kupandana, kisha vibamba viwili vyembamba. Hufuata ringi ya pili, halafu ya juu, ambayo mara nyingi hung'aa kwa kromu. Herufi iliyochapwa karibu na mkato, au neno TOP, huelekea juu. Ringi iliyogeuzwa itaingia vizuri na injini itawaka, ila ikiwa ni ile ya pili, oili hupandishwa badala ya kushushwa. Wakati wa kuvishwa, ringi hufunguliwa kwa kiasi cha kuvuka pistoni tu, kwa sababu chuma cha kusubu hukatika bila kupinda. Mikato hutawanywa nyuzi 120 kutoka moja hadi nyingine.

Alama ya IN kichwani mwa pistoni huelekezwa upande wa kaburata. Mdomo wa injini huzibwa kwa kitambaa kabla ya kuweka klipu za pini ya pistoni, na klipu za zamani hazirudishwi. Silinda hushushwa ikiwa na oili, huku ringi zikibanwa kwa vidole moja baada ya nyingine. Ikigoma hupandishwa tena ili ringi zitazamwe. Nyundo haina kazi hapo.

Kilomita za mwanzo huamua kama ringi zitakaa. Injini isiachwe iungurume muda mrefu bila kutembea, kwa kuwa bila mzigo gesi haina nguvu ya kuzisukuma ringi ukutani na ukuta hung'aa tena. Wala isivutwe hadi mwisho. Huendeshwa kwa kasi inayobadilikabadilika, mzigo wa wastani, na oili humwagwa mapema, kabla ya kilomita 500 au karibu na hapo, kwani hubeba unga wa chuma wa ringi na ukuta vilivyokuwa vinazoeana.