Rejeta ya babu na mtoto anayetambaa (Sehemu ya 6)

Leo nivumilieni, nesi wenu anaongelea gari bovu. Mtoto anaingiaje hapo? Soma mpaka mwisho.

Nyumbani kwetu Mwanjelwa, nyuma ya jiko, kuna Land Rover ya marehemu babu. Imekaa juu ya matofali miaka na miaka, kuku wanatagia ndani. Mwezi uliopita akaja mteja, akamwambia mjomba: "Shoo na rejeta zikiwa za kiwandani, naongeza hela. Zikiwa za kubandika, bei inashuka." Mjomba akanigeukia mimi, eti kwa kuwa nimesoma! Nikaanza kuulizia kwa mafundi.

Tuanze na shoo, ule wavu wa mbele. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1948. Zile za mwanzo kabisa taa zilikuwa nyuma ya wavu, kama mtu anayechungulia dirishani. Baadaye taa zikatokeza, lakini zikabaki katikati, karibu karibu. Series II ikaja 1958, IIA ikafuata 1961, bado macho yako katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo taa zikahamia pembeni, kwenye mabawa. Series III ya mwaka 1971 ikaja na shoo ya plastiki.

Kwa hiyo ukiona gari taa ziko katikati halafu shoo ni ya plastiki, jua kuna mtu kabadilisha. Ukitaka uhakika, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Sumaku haishiki pale. Lakini ule wavu wa zamani ni waya wa chuma, sumaku inashika "tap!" Ya babu ilishika, na taa ziko katikati. Mjomba akacheka peke yake.

Sasa rejeta. Ya zamani ni shaba nyekundu na shaba ya njano. Kwanguza rangi nyeusi kidogo, utaona wekundu au unjano. Matenki yake ya juu na chini ni ya bati la shaba, yameungwa kwa lehemu, na mstari wa lehemu unauona kwa macho. Rejeta za siku hizi nyingi katikati ni aluminiamu nyeupe, na matenki ni plastiki iliyobanwa kwa meno.

Babu alikuwa akituhadithia kuchemsha gari Kitonga. Msimcheke. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikaanza kupitisha mafuta yake Dar es Salaam. Malori yakapanda Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, njia bado ya vumbi na matope, mpaka madereva wakaiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Kabla ya hapo, rejeta ilikuwa roho ya safari. Ikivuja, fundi anawasha moto kando ya barabara, anayeyusha lehemu, anaziba, mnaendelea.

Na hapo ndipo nesi anaingia. Lehemu ile ni bati na madini ya risasi. Risasi ni sumu.

Mjomba alileta kijana aizibe rejeta kabla mteja hajarudi. Nimetoka zamu ya usiku, nafika nakuta jiko la mkaa, lile lile la kupikia, limewekwa barazani, lehemu inayeyuka, moshi unafuka. Mtoto wa mdogo wangu, miezi kumi, anatambaa hatua tatu kutoka pale, vidole mdomoni. Nilimnyakua kabla sijavua viatu.

Mama, sikiliza. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, inaleta upungufu wa damu, tumbo kuuma na choo kigumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito akiipata, inapita hadi kwa aliye tumboni. Na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mapema.

Kwa hiyo: rejeta izibwe gereji, mbali na watoto. Jiko la lehemu lisirudi kupika ugali. Baba fundi anawe na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Baraza ipigwe deki kwa maji, usifagie kavu. Kipande cha rejeta kisiwe toi. Na kama mtoto amekaa kwenye moshi huo, mpeleke kituo cha afya, useme wazi "risasi", usiseme tu "moshi".

Mjomba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaibeba rejeta mwenyewe kwenda gereji. Mteja akalipa vizuri, maana kila kitu kilikuwa cha kiwandani. Hela ilikuwa nzuri, lakini mtoto hana spea. Tukutane sehemu ya 7.